Mshale, Kikombe na Mafuta

Katika soko la vinyago la Mwenge, upande ule ambako vumbi la mpingo linachanganyika na harufu ya rangi ya viatu, kuna kibanda kinachouza pinde na mishale. Mishale imefungwa mafungu mafungu, ncha zake za chuma kilichofuliwa, na chini ya kila ncha pameviringishwa kipande chembamba cha ngozi. Nilimwuliza mwenye kibanda ngozi ile ni ya nini. “Urembo tu, dada,” akanijibu. “Wageni wanaupenda.” Nikamshukuru, nikanunua mmoja.

Siku hiyo nilikuwa natoka duka la dawa. Mkobani nilikuwa na vidonge vya digoksini vya mama mkubwa, vyeupe, kila kimoja kidogo kuliko punje ya hindi na ndani yake robo tu ya miligramu ya dawa yenyewe. Moyo wake umechoka kwa miaka mingi, na kidonge hicho ni kimojawapo cha vile vinavyomwezesha kupanda ngazi mbili za barazani bila kukaa kitako katikati. Nikasimama pale sokoni, mshale mkono huu, pakiti mkono huu. Ngozi ile haikuwa urembo hapo zamani. Katika mshale wa kweli wa mwindaji ilifunika sumu isikauke na isimguse mwenyewe kwa bahati mbaya. Na sumu hiyo, katika mwili, inashika mahali pale pale panaposhikwa na kidonge cha mama mkubwa.

Mahali hapo ni protini moja iliyopachikwa katika utando wa seli. Desturi mbili za watu ambao hawakuwahi kukutana, wawindaji wa nyika zetu na waganga wa mitishamba wa mashambani Uingereza, ziliifikia kwa mimea tofauti. Moja ikatengeneza mshale, nyingine ikatengeneza kikombe. Kwa nini hii mshale na ile kikombe? Jibu nililokua nikilisikia, hata kwa watu waliosoma, ni kwamba Mwafrika aliwaza kuua na Mzungu aliwaza kuponya. Jibu hilo ni dhuluma, na pia si sahihi. Sehemu kubwa ya jibu la kweli imo katika mafuta.

Nianze na chombo, maana sijapata mfano ulio karibu zaidi. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu hawakuuamini ubao peke yake. Walitia kalafati kwenye maungio, wakaupaka ubao sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu ya chini inayozama wakaipaka deheni, chokaa iliyokandwa na shahamu. Maji ya chumvi na mafuta hayapatani, na juu ya uhasama huo watu walisafiri mpaka Maskati na Bombay. Hata hivyo chombo huvuja. Ndiyo sababu kuna upo, na kuna mtu wa kufua maji. Mtu huyo akilala usiku kucha, asubuhi chombo kimeshakunywa.

Seli ni chombo cha namna hiyo, isipokuwa hakina ubao: deheni yenyewe ndiyo ukuta. Utando wake ni safu mbili za lipidi, vichwa vinavyopenda maji vikielekea nje na ndani, mikia ya mafuta ikikutana katikati, na unene wake wote ni nanomita nne au tano, yaani milimita nne au tano zikigawanywa kwa milioni. Niseme kwa urahisi zaidi, ukipanga tando laki mbili hivi moja juu ya nyingine ndipo upate milimita moja. Ioni ya sodiamu ina chaji na hutembea imejivika maji, kwa hiyo mafuta yale kwake ni kama ukuta wa ngome. Nje ya seli sodiamu ni zaidi ya mara kumi ya iliyo ndani. Potasiamu ni kinyume: ndani imejaa, nje ni kidogo mno. Tofauti hiyo ndiyo inayobeba umeme wa neva na mapigo ya moyo. Lakini utando una milango yake ya protini, milango hufunguka, sodiamu huingia. Lazima awepo wa kuifua.

Mfuamaji huyo ni pampu ya sodiamu na potasiamu. Kila mzunguko hutoa sodiamu tatu, huingiza potasiamu mbili, na malipo yake ni molekuli moja ya ATP. Mtu aliyelala tu kitandani hutumia kama robo ya nishati yake kumlipa mfuamaji huyu, jambo ambalo kila nikilifikiri hunifanya nimheshimu mtu aliyelala. Digoksini humshika mkono kidogo. Sodiamu ikipanda kidogo ndani ya seli ya moyo, kalsiamu nayo hukawia kutoka, na msuli ukipata kalsiamu zaidi hujikaza kwa nguvu zaidi. Mshike mkono kabisa, na mpangilio wa mapigo huvurugika mpaka moyo usimame. Dawa na sumu hapa zinatofautiana kwa kipimo.

Sasa turudi nyikani. Mti unaoitwa msunguti kwa Kiswahili ndio wenye sifa mbaya kuliko yote katika habari hizi. Wasomali huiita sumu yake waabaayo, na kutoka neno hilo mkemia Mfaransa Arnaud, aliyeitoa ikiwa fuwele safi mwaka 1888, aliipa jina linalotumika maabara zote duniani: ouabaini. Wagiriama walijulikana kwa kuipika na kuiuza. Wakamba na Wawata waliokuwa wakiwinda tembo upande wa Tsavo walikuwa wateja wao. Wahadza wa Ziwa Eyasi wana mimea yao, ukiwemo ule wenye shina nene na maua ya waridi ambao wauza miche wa Dar es Salaam huupanga kwenye vyungu kando ya barabara. Watu huununua kwa ajili ya baraza. Nao unazo kemikali za ukoo huo huo.

Ujuzi wa wawindaji haukuwa kujua tu kwamba mti fulani unaua. Mambo mawili yamenishughulisha kuliko mengine. La kwanza ni namna walivyoipima sumu, kama ilivyosimuliwa na wengi walioishi nao. Mwindaji alijitoboa ngozi, akaacha damu itiririke mkononi, kisha akagusisha sumu kwenye mwisho wa mchirizi, mbali na kidonda. Damu ilianza kuwa nyeusi, weusi ukipanda kuelekea juu. Aliangalia mwendo wake, akaufuta kabla haujafika kwenye ngozi iliyotoboka. Sisemi kwamba weusi ule ulipima pampu. Ninachosema ni kwamba mtu anayepima sumu kwa njia hiyo amekwisha kuelewa kuwa njia ni damu, na kwamba umbali wa shubiri moja kati ya mchirizi na kidonda ndio umbali kati ya jaribio na kifo.

La pili ni kwamba nyama ililiwa. Walikata sehemu iliyozunguka jeraha, wakaitupa, wakala iliyobaki, wao na watoto wao. Mnyama aliyeuawa kwa mojawapo ya sumu kali kuliko zote za mimea ya Afrika akawa kitoweo. Desturi nzima ya uwindaji imesimama juu ya ukweli huo, maana sumu inayobaki kumwua mlaji haina faida kwa mwenye njaa.

Inawezekanaje? Katika miaka ya 1890, Charles Ernest Overton, akifanya kazi Zürich, alijaribu mamia ya kemikali kwenye seli za mimea na wanyama, akaona mpangilio: kitu kinachoyeyuka upesi katika mafuta huingia seli upesi, na kinachopenda maji hubaki nje kikibisha hodi. Alitumia mafuta ya zeituni kama kipimo chake. Kutokana na hilo akadai kuwa seli imefunikwa na kitu cha jamii ya mafuta, wakati hakuna hadubini iliyoweza kukionyesha.

Ouabaini ni kemikali inayopenda maji. Imejaa vikundi vya haidroksili na imebeba sukari mgongoni. Ili kuishika pampu haihitaji kuingia ndani ya seli ya moyo, kwa sababu pampu hushikwa kutoka upande wa nje. Ikiwa ndani ya damu, imekwisha kufika. Kikwazo chake ni ukuta wa utumbo, safu ya seli ambazo tando zake za mafuta haziipokei. Kwa hiyo kupitia mshale inaua, na kupitia kinywa sehemu kubwa yake hupita bila kufyonzwa, tena bila kutabirika. Hii haina maana kwamba msunguti unalika. Ukizidi unaua hata kwa mdomo, na asijaribu mtu. Ila kiasi kilichosambaa katika mwili mzima wa tembo, kikipita katika tumbo la mlaji, kilikuwa jambo jingine.

Digitoksini, iliyomo katika ua la zambarau linaloota kando ya misitu ya Uingereza, ina kiini kile kile cha steroidi lakini ina haidroksili chache kwenye kiini hicho, na inapenda mafuta. Inaponywewa hufyonzwa karibu yote. Digoksini ya mama mkubwa iko katikati, ikielemea upande wa kufyonzwa. Ndiyo maana bibi mmoja wa Shropshire, ambaye William Withering alisikia habari za mchanganyiko wake mwaka 1775, aliweza kuwapa wagonjwa waliovimba miili majani yaliyochemshwa na wakapungua uvimbe. Withering aliuchambua mchanganyiko wake wa mitishamba ishirini na zaidi, akatambua ni upi unaofanya kazi, akatumia miaka kumi kutafuta kipimo, na mwaka 1785 akatoa kitabu chenye habari za wagonjwa zaidi ya 150, pamoja na wale aliowazidishia. Namheshimu kwa hao wa mwisho hasa. Ni waganga wachache, wa zama zile na za sasa, wanaoandika walipokosea.

Hebu tubadilishe mimea mahali. Msunguti ungeota Shropshire, bibi yule angemimina kikombe na kuona leo mgonjwa hasikii kitu, kesho amekufa. Asingepata sifa ya uganga. Na ua la zambarau lingeota Tsavo, familia ya mwindaji ingeila nyama kwa wasiwasi. Kila desturi ilifuata njia ambayo utando wa utumbo uliiruhusu. Mafuta yale membamba yaliwapangia watu kazi kabla hawajaanza kuwaza juu ya kuua au kuponya, na nadhani ni hapo wanaolinganisha mila za watu wanapokosea mara nyingi: wanatafuta chanzo cha tofauti katika roho za watu kabla hawajatazama kitu chenyewe walichokishika.

Kuna mtu mmoja aliyesimama kati ya mshale na kikombe, naye ana uhusiano na sisi. John Kirk alikuwa daktari katika safari ya Livingstone ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858. Huko alikusanya kombe, sumu ya mishale inayotokana na mmea wa jamii ya strofanto. Inasimuliwa kwamba mswaki wake ulikaa pamoja na sumu hiyo, na aliposugua meno alionja uchungu, kisha akagundua mapigo yake yamepungua kasi. Mtu mwingine angetema na kusahau. Yeye alishika kifundo cha mkono akahesabu. Baadaye sampuli zilifika Edinburgh kwa Thomas Fraser, ambaye katika miaka ya 1870 na 1880 alitoa kemikali yake na kuifanya dawa ya moyo. Kirk ndiye huyo huyo aliyekuja Unguja mwaka 1866, akawa mwakilishi wa Uingereza, na mwaka 1873 akamshinikiza Sultan Barghash kulifunga soko la watumwa. Vitabu vya dawa vina jina la Kirk na la Fraser. Jina la aliyeipika kombe ile havina. Withering naye hakuliandika jina la bibi wa Shropshire. Katika hilo, angalau, desturi zote mbili zilidhulumiwa sawasawa.

Desturi ya tatu ni ya maabara, na ilianza kwa mafuta, jambo ambalo husahaulika. Jens Christian Skou alikuwa daktari wa upasuaji wa Denmark aliyetaka kujua dawa ya ganzi inazimaje hisia. Alitandaza lipidi za neva juu ya maji zikawa safu ya molekuli moja, akaangalia dawa za ganzi zinavyojipenyeza humo. Ile yenye kujipenyeza zaidi ndiyo yenye nguvu zaidi. Akawaza: kama dawa inakaa katika mafuta, basi inaisumbua protini iliyopachikwa ndani ya mafuta hayo. Akaanza kutafuta protini ya kufanyia jaribio, akaipata katika neva za miguu ya kaa, na mwaka 1957 akachapisha habari za kimeng'enya kinachohitaji sodiamu na potasiamu kwa pamoja. Hakuwa na hakika kuwa ameikamata pampu. Mwaka uliofuata, mjini Vienna, Mmarekani Robert Post alimwuliza swali moja: je, ouabaini inakizuia? Skou hakuwa amejaribu. Lilipojaribiwa, jibu likawa ndiyo. Mwaka 1997 alipewa sehemu ya tuzo ya Nobel ya kemia.

Fikiria mkutano ule. Wanasayansi wawili, Mdenmark na Mmarekani, katika mji wa Austria, na neno linaloamua kama kitu kilichopatikana ni pampu au si pampu ni neno la Kisomali. Bila kazi ya wapika sumu, mfuamaji wa seli angechelewa kutambuliwa. Hilo sikufundishwa darasani. Nilifundishwa tatu nje, mbili ndani.

Tena nilifundishwa kuuchora utando kama mistari miwili sambamba, katikati patupu, na pampu kama kitufe kilichochomekwa. Hapo ndipo maabara nayo ilipopotosha macho yetu kwa muda mrefu: ilimtazama mfuamaji ikaisahau deheni. Walioiosha pampu kwa sabuni kali mpaka mafuta yake yakatoka waliiona ikinyamaza. Wakairudishia lipidi zinazofaa, hasa fosfatidilserini, pamoja na kolesteroli, ikaamka. Mwaka 2009 picha ya umbo lake, iliyotokana na tezi ya chumvi ya papa, ilionyesha kolesteroli imekaa ubavuni mwake. Papa! Wavuvi wetu walichukua ini lake kuzuia maji ya chumvi. Watafiti wakachukua tezi anayotolea chumvi. Kwa pampu ya papa huyo huyo Wadenmark walionyesha kuwa utando ukiwa mwembamba mno pampu inalegea, ukiwa mnene mno inalegea pia, na kolesteroli ikiongezwa, unene unaoifaa unabadilika.

Anayetaka kuliona jambo hili bila maabara aje Mwenge asubuhi ya Julai. Chupa ya mafuta ya nazi dirishani kwa mama mkubwa imeganda nyeupe, kwa sababu mikia ya lipidi zake imenyooka na hupangana kama kuni, na chini ya nyuzi 24 hivi hushikamana. Mafuta ya alizeti ya Singida yaliyo kando yake bado yanatiririka, maana mikia yake ina vipindo na haipangani vizuri. Seli huchagua kati ya mikia hiyo kila siku. Michael Sinensky alionyesha mwaka 1974 kwamba bakteria wa E. coli wakikuzwa mahali pa baridi au pa joto hubadilisha mafuta yao ili ulaini wa utando ubaki ule ule. Protini zinazopitisha ioni zinahitaji kujikunja na kujikunjua mara nyingi kwa sekunde moja. Ndani ya mafuta yaliyoganda hakuna kujikunja.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanywa Wollongong, Australia, na kuchapishwa mwaka 1999. Pampu za chura hufanya kazi polepole kuliko za panya, hata zikiwekwa kwenye joto moja. Paul Else na mwenzake walitoa lipidi kwenye tando za wote wawili wakabadilishana: pampu ya chura ikavikwa mafuta ya panya, ya panya ikavikwa mafuta ya chura. Ya chura ikachangamka. Ya panya ikazubaa. Mfuamaji ni yule yule, mkono ni ule ule. Chombo ndicho kilichobadilika.

Tangu nisome habari hizo siwezi tena kuusoma ulinganisho wa “dawa za jadi” na “dawa za kisasa” unaoichomoa kemikali moja, ukaipima peke yake, ukatangaza kilichobaki kuwa ushirikina. Katika kilichobaki kulikuwa na mchirizi wa damu, nyama iliyokatwa kuzunguka jeraha, na ngozi ya kufunika ncha. Withering alishinda wote kwa kipimo. Maabara ilishinda wote kwa kumtambua mfuamaji. Lakini swali la njia, kitu hiki kinapita wapi na kinazuiwa na nini, wawindaji walilishika mapema na kwa ukamilifu kuliko wenzao, nao waliwalisha watoto wao kwa jibu lake.

Nilipofika nyumbani, mama mkubwa alikuwa barazani. Akautazama mshale. “Huo nao wa nini, mwanangu?” Nikamweleza, kwa kifupi, kwamba zamani ulikuwa na ndugu wa dawa yake. Hakushangaa nilivyotarajia. Alisema babu yake aliwahi kumwambia kuwa mti unaoua ng'ombe haukosi kazi nyingine. Kisha akanyoosha mkono, kama daktari alivyotufundisha, maana mapigo yakishuka chini ya 60 hatumpi kidonge mpaka tumeuliza. Nikaweka vidole viwili juu ya kifundo, nikaitazama saa ya ukutani kwa dakika nzima. Sitini na nane. Nikampa maji.